Ufafanuzi: Kumhudumia mzee mwenye ugonjwa wa kusahau bila kutegemea dawa za kumtuliza

Na Mwandishi Wetu, Kahama

Bibi kizee anayetoka nje usiku wa manane, akazunguka boma la jirani, akazungumza na watu wasioonekana, na asubuhi akakana kwamba alitoka, hupewa tafsiri zaidi ya moja. Mpiga ramli chonganishi humwita mchawi. Mtaalamu wa afya huona uwezekano wa ugonjwa wa kusahau, unaofahamika kitaalamu kama dimenshia. Katika Mkoa wa Shinyanga na mikoa jirani ya Geita, Mwanza na Tabora, tofauti kati ya tafsiri hizo mbili imewahi kuwa tofauti kati ya uhai na kifo. Msomi Simeon Mesaki, aliyechambua taarifa za mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi nchini kati ya miaka 1970 na 1984, alionesha kwamba Usukuma ulibeba sehemu kubwa ya mauaji hayo, na kwamba wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wa umri mkubwa.

Ipo tafsiri ya tatu, isiyomwaga damu lakini nayo ina madhara: kwamba mzee huyo ni msumbufu na dawa yake ni kidonge cha kumlaza. Tafsiri hii huweza kuingia katika makazi ya wazee, katika wodi na hata katika nyumba za watu wema waliochoka. Makala haya yanaeleza kwa nini kidonge hakipaswi kuwa jibu la kwanza, na ni huduma gani inayoweza kutangulia, iwe katika makazi ya wazee ya Serikali kama Kolandoto, Manispaa ya Shinyanga, au katika kaya za Kahama, Msalala na Ushetu ambako ndiko wazee walio wengi wanakoishi.

Ugonjwa wenyewe

Dimenshia si uzee, ingawa huwapata zaidi wazee. Ni jina la jumla la hali inayotokana na magonjwa yanayoharibu ubongo, ambayo hupunguza kumbukumbu, uwezo wa kufikiri, lugha na uwezo wa kujihudumia. Ugonjwa wa Alzheimer ndio chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya hali hizo. Kiharusi na maradhi ya mishipa ya damu hufuata kwa uzito, na hapo shinikizo la damu na kisukari visivyotibiwa huwa na mchango mkubwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Tanzania ina kipimo chake. Mwaka 2010 watafiti waliwapima wazee 1,198 wa umri wa miaka 70 na kuendelea katika Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro, na kukadiria kuwa asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia, yaani takribani mzee mmoja kati ya 16. Hai si Kahama, lakini takwimu hiyo inatosha kuondoa dhana kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania 2,507,568 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea; katika Sensa ya mwaka 2022 idadi hiyo ilipita milioni 3. Kadiri watu wanavyoishi miaka mingi zaidi, ndivyo wenye ugonjwa huu watakavyoongezeka.

Katika utafiti mwingine uliofanyika Hai, wanafamilia wengi waliieleza hali hii kama sehemu ya kawaida ya kuzeeka, na kwa sababu hiyo hawakuona haja ya kwenda hospitali. Huku kwetu maelezo huenda mbali zaidi. Macho mekundu, ambayo kwa bibi aliyepika miaka hamsini kwa kuni na samadi mara nyingi ni alama ya moshi, yaligeuzwa kuwa ushahidi wa uchawi. Kusahau, kuzurura na kusema peke yake vikaongezwa juu ya ushahidi huo.

Kabla ya kusema ni dimenshia

Mzee apelekwe kwanza kwenye kituo cha kutolea huduma za afya, na hapa kuna kanuni moja ya kukumbuka: dimenshia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa na akili timamu Jumapili na kuchanganyikiwa Jumatano ana jambo jingine, na jambo hilo ni la dharura. Malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, sukari kushuka, kuanguka na kuumia kichwa, hata mkojo uliozuiliwa na tezi dume, vyote huweza kumfanya mzee apayuke usiku kucha. Hali hizi hutibika, na zikicheleweshwa huua.

Yapo pia matatizo yanayofanana na dimenshia au kuizidisha: sonona, upungufu wa vitamini B12, kaswende iliyofika kwenye ubongo, Virusi vya UKIMWI, hitilafu ya tezi ya shingo, uziwi na mtoto wa jicho. Mzee asiyesikia hujibu asichoulizwa. Mzee mwenye mtoto wa jicho huona kivuli cha kanga iliyoanikwa na kukiita mtu. Kuondoa mtoto wa jicho ni upasuaji wa kawaida, na huenda ukamsaidia zaidi ya dawa yoyote ya usingizi.

Kisha ziangaliwe dawa anazotumia tayari. Familia nyingi hununua duka la dawa vidonge vya mafua na mzio, kama klofeniramini na promethazini, ili mzee apate usingizi. Dawa hizi, pamoja na amitriptilini, huzuia kemikali ya ubongo inayohitajika kwa kumbukumbu, na kwa mzee huweza kuleta mkanganyiko zaidi, kufunga choo na kuzuia mkojo. Diazepamu huongeza hatari ya kuanguka. Inawezekana kabisa mzee akawa anapewa kila jioni kitu kilekile kinachomchanganya.

Kwa nini kidonge kisiwe jibu la kwanza

Hadi sasa hakuna dawa inayoponya Alzheimer. Zipo zinazosaidia kumbukumbu kwa kiasi kwa baadhi ya wagonjwa, na daktari anaweza kuzishauri. Zinazozungumzwa hapa ni nyingine: dawa za magonjwa makubwa ya akili, kama haloperidoli, klopromazini na risperidoni, zinapotumiwa kumtuliza mzee anayepiga kelele au kuzurura.

Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba kundi jipya la dawa hizo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia. Mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa hadi dawa za kundi la zamani, zikiwamo haloperidoli na klopromazini. Mwaka 2009 ripoti ya Profesa Sube Banerjee kwa serikali ya Uingereza ilikadiria kuwa watu wapatao 180,000 wenye dimenshia walikuwa wakipewa dawa hizo nchini humo kila mwaka, na kwamba vifo vya ziada vilivyotokana nazo vilikuwa kama 1,800 kwa mwaka. Dawa hizo pia huleta ukakamavu wa mwili, kiharusi, kuanguka na usingizi mzito unaomfanya mzee asile wala asinywe.

Hii haina maana kwamba dawa zimepigwa marufuku. Mzee anayeona vitu vya kumtisha na kutaka kujidhuru au kudhuru wengine anaweza kuhitaji dozi ndogo, kwa muda mfupi, chini ya daktari, na tarehe ya kuipitia upya iandikwe siku ileile inapoanza. Wala mzee anayetumia dawa ya shinikizo la damu, kisukari au kifafa asiachishwe kwa kisingizio cha makala haya.

Tena, kuondoa kidonge peke yake hakutoshi. Watafiti wa Uingereza waliochunguza makazi ya wazee waliona kwamba dawa zilipopunguzwa bila kuongezwa mazungumzo, shughuli au mazoezi, tabia za kusumbuka ziliongezeka kwa baadhi ya wazee. Katika utafiti mkubwa zaidi uliofuata, ulioshirikisha makazi 69 na wazee 847 na kuchapishwa mwaka 2018, watumishi walipofundishwa kumhudumia kila mzee kwa kumfahamu yeye mwenyewe na kumpatia muda wa kuzungumza na watu, hali ya maisha ya wazee iliboreka na fadhaa ikapungua. Pengo lililoachwa na kidonge lilizibwa na mtu.

Tabia ni ujumbe

Mwanasaikolojia Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1997, alitetea hoja kwamba mgonjwa wa dimenshia hubaki kuwa mtu kamili, na kwamba sehemu ya kudhoofika kwake hutokana na namna anavyotendewa: kudanganywa, kuharakishwa, kusemwa mbele yake kana kwamba hayupo. Kwa jamii iliyolelewa kumwamkia mzee kabla ya kumweleza shida, hoja hiyo haina ugeni. Ugeni ni jinsi tunavyoisahau pale mzee mwenyewe anapoanza kusahau. Mara nyingi shikamoo hukoma siku ile asipoiitikia.

Mhudumu anapokutana na tabia ngumu, aulize kwanza: mzee huyu anahitaji nini ambacho hawezi kukisema? Maumivu huongoza orodha. Mzee anayempiga anayemvika nguo huenda bega linamuuma, na parasetamoli iliyotolewa kwa kipimo sahihi huweza kumaliza ugomvi ambao dawa ya akili ingeuficha tu. Baada ya maumivu kuna njaa, kiu, choo kigumu, baridi, woga, upweke, na kukosa kazi.

Kukosa kazi hupuuzwa mno. Mtu aliyeamka alfajiri kwa miaka sitini kwenda shamba la pamba au kufungulia ng'ombe hawezi kuketishwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi jioni akatulia. Anapoinuka na kuelekea langoni, kwa akili yake anakwenda kazini. Kumzuia kwa nguvu huzaa vita. Kumsindikiza, kumwuliza ng'ombe wako wangapi, kuzunguka naye uani na kurudi kwa chai, humaliza safari bila ugomvi. Bibi anaweza kupewa mahindi ya kupukuchua, maharage ya kuchambua au nguo za kukunja. Si lazima kazi iwe na faida. Ikibidi, maharage yaleyale yachambuliwe tena kesho.

Lugha nayo ina uzito mahali hapa. Mgonjwa wa dimenshia anayejua lugha mbili mara nyingi hupoteza mapema zaidi ile aliyojifunza ukubwani. Mzee wa Kahama anaweza kufika mahali Kiswahili kikamwacha akabaki na Kisukuma, Kisumbwa au Kinyamwezi cha utotoni. Mhudumu aliyetoka mkoa mwingine atadhani mzee amenyamaza au anabwabwaja, kumbe anaomba maji. Kila zamu katika makazi ya wazee ihakikishe yupo anayeelewa lugha ya mzee, na mhudumu mgeni ajifunze walau maneno ya maji, choo, kuuma na chakula. "Mwangaluka" ya asubuhi, ikisemwa kwa kutazamana usoni, humweleza mzee kwamba yuko nyumbani.

Kwa wanaojiuliza kama haya yamejaribiwa katika mazingira yetu, jibu ni ndiyo. Huko Hai wazee 34 wenye dimenshia ya kiwango kidogo na cha kati walishiriki vikundi vya kuchangamsha akili, njia iliyobuniwa Uingereza na kurekebishwa ili mzee asiyejua kusoma na kuandika naye ashiriki. Walikutana mara 14 katika wiki saba, wakizungumza, kuimba na kufanya shughuli za mikono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha nafuu katika kumbukumbu na fikra, wasiwasi ukapungua, na tabia zilizokuwa zikiwasumbua walezi zikapungua pia.

Kikundi kama hicho Usukumani hakihitaji kununua chochote. Mchezo wa isolo, ndugu wa bao, wazee wengi wameucheza tangu utotoni, na mkono hukumbuka kete hata jina la mjukuu likipotea. Zipo nyimbo za kulima za bugobogobo, habari za mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, bei ya pamba enzi za vyama vya ushirika, na michembe iliyoanikwa juani. Mshiriki asiulizwe maswali ya kumpima ("Leo ni tarehe ngapi?"), bali aombwe maoni: michembe mizuri huanikwaje? Hapo hakuna jibu la kumwaibisha.

Saa ngumu kuliko zote ni jioni. Jua linapozama wagonjwa wengi hufadhaika, hudai kurudi kwao, hulilia mama aliyefariki zamani. Taa iwashwe mapema kabla giza halijaingia, hata kama ni ya sola, kwa sababu vivuli huzaa watu wasiokuwepo. Chai kali iishie mchana, mzee atembee na kupata jua asubuhi ili usiku alale, apelekwe chooni kabla ya kulala. Anayemlilia mama yake asiambiwe "mama yako alikufa", kwani atafiwa upya kila jioni. Aombwe amsimulie mama huyo alikuwa mtu wa namna gani.

Kuoga ni uwanja mwingine wa mapambano. Maji yawe ya uvuguvugu, mhudumu awe wa jinsia ambayo mzee haioni haya mbele yake, mwili ufunikwe kwa kanga sehemu baada ya sehemu. Mzee akikataa leo, afutwe kwa kitambaa na aachwe hadi kesho. Kumfunga kamba au kumfungia chumbani si huduma. Kunaongeza woga na majeraha, na moto ukitokea hawezi kujiokoa.

Katika makazi ya wazee

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa msingi wa matunzo, na makazi ya wazee kuwa hatua ya mwisho kwa asiye na wa kumtunza. Kanda hii inahudumiwa na makazi kama Kolandoto, Bukumbi wilayani Misungwi na Ipuli mjini Tabora. Maombi huanzia kwa uongozi wa mtaa au kijiji na kupitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, anayefanya uchunguzi wa kifamilia kwanza.

Mzee anapopokelewa, nyaraka ya thamani kuliko faili la matibabu ni ukurasa mmoja wa historia ya maisha yake: jina analopenda kuitwa, alikotoka, kazi aliyofanya, dini, lugha, wimbo, chakula, anachokiogopa. Kwa mzee aliyekimbia kijiji baada ya kutuhumiwa uchawi, ukurasa huo una jambo la ziada. Kundi la vijana wanaopiga kelele nje ya dirisha usiku, hata kama wanashangilia mpira, huweza kumrudisha katika usiku alioponea chupuchupu. Mhudumu asiyejua historia hiyo ataandika "mkorofi usiku".

Pingamizi la watumishi wachache ni la kweli. Hata hivyo muda unaotumika kupambana na mzee anayeogeshwa kwa nguvu nao ni muda, na wazee wenzake wenye akili timamu hupenda kusaidia wakipewa nafasi. Wanafunzi, vikundi vya dini na watumishi wa migodi wanaofika na sabuni na mchele wanaweza pia kuombwa kitu adimu zaidi, yaani wabaki saa mbili, wakae, wazungumze.

Katika kaya na mtaa

Mji wa madini una ugumu wake. Vijana huondoka kufuata machimbo ya Msalala, Geita na Mbogwe, na bibi hubaki na wajukuu. Mlezi basi huwa binti mmoja, au mjukuu wa miaka kumi na minne anayeacha shule ili amlinde. Ndugu walio mbali wachangie kwa zamu na si kwa simu peke yake: wiki moja ya kupumzika kwa anayelea ni sehemu ya matunzo ya mzee. Mlezi aliyechoka kupita kiasi ndiye anayepiga, na ndiye anayekwenda duka la dawa.

Majirani waambiwe mapema, tena na daktari au mhudumu wa afya ngazi ya jamii ikiwezekana, kwamba mzee huyu ana ugonjwa wa ubongo, anaweza kutoka usiku, na akionekana arudishwe taratibu kwa mkono. Mwenyekiti wa kitongoji na sungusungu wawe na taarifa hiyo. Jeshi hilo la jadi, lililoanzia maeneo haya ya Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, linajua njia zote za kijiji na hakuna anayeweza kumtafuta mzee aliyepotea kwa haraka zaidi. Historia yake haikosi doa, kwa kuwa baadhi ya makundi ya awali yalijiingiza katika kusaka watuhumiwa wa uchawi. Kwa hiyo elimu ianzie kwao.

Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, haimgusi mganga peke yake: kumtaja mtu kuwa mchawi nje ya utaratibu uliowekwa ni kosa la jinai. Familia inayopata minong'ono dhidi ya mzee wake isisubiri. Taarifa itolewe kwa mtendaji wa kata, kwa afisa ustawi wa jamii, au kituo cha polisi, ambako lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa uchunguzi wa afya, mzee aanzie zahanati au kituo cha afya cha karibu, apewe rufaa kwenda Hospitali ya Manispaa ya Kahama, na inapobidi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga au Bugando, Mwanza. Aende na mtu anayeishi naye, akibeba dawa zote anazotumia, zikiwamo za dukani na za miti shamba, na maelezo ya lini hali ilianza.